Nani Atampokea Mama Huyu?

Wasomaji wetu watukufu, ni katika adabu za watu wa pwani kwamba ukikutana na mtu njiani amejitwika, humpiti vivi hivi. Wampokea, ukamchukulia mwendo mfupi, naye akapata kupumua. Leo twataka kunena juu ya watu wasiopokewa na mtu.

Mtaani petu hapa Mombasa yupo mama mwenye kijana wa miaka 14, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Hasemi wala hatembei, na kumlisha bakuli la uji hupita nusu saa. Mama huyu alipofiwa na dada yake huko Malindi hakwenda matangani, nasi majirani tukamlaumu kwamba amekata udugu. Kabla ya hapo alikuwa amemleta mtoto chuoni kwetu, tukamjibu kwamba hapa ni mahali pa wanaosoma. Kumbe hakutaka tumsomeshe. Alitaka saa mbili tu, aende kutazamwa mgongo wake unaomuuma kwa kumwinua. Nasi siku zile tulikuwa tukiwasomesha watoto Surat Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu aliyepuuzwa! Twayaandika haya kwa haya kubwa.

Ifahamike kwamba mtoto huyu si adhabu, wala hakurogwa. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika utoto mchanga. Wala mtoto mwenyewe si mzigo; kizito ni kumtunza usiku na mchana bila ya mtu wa kushika zamu.

Katika nchi nyingine kushika zamu hiyo ni kazi ya mshahara. Mtu aliyefunzwa huja nyumbani kwa saa kadhaa, au mtoto hupelekwa mahali maalumu, ili wazazi wapumzike. Disemba 2006 Marekani ilitunga sheria ya kuyapa majimbo fedha kwa ajili hiyo. Mwezi huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika ibara ya 28 wayataja mapumziko hayo kwa jamaa walio maskini. Kenya iliuridhia mwaka 2008. Kwetu ipo posho ya Inua Jamii kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, nayo yafaa. Lakini fedha haiwezi kukaa na mtoto.

Basi mwenye kutaka kumpokea mzazi na ajue haya. Kwanza aje siku kadhaa mama akiwapo, ajifunze mtoto huonyeshaje njaa, kiu na maumivu. Akimlisha, amkalishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Asimlishe akiwa chali, maana chakula chaweza kuingia mapafuni. Ampe kijiko kidogo, angoje ameze. Akishikwa na kifafa, amlaze ubavu, asimtie kitu chochote kinywani, atazame saa. Zikipita dakika tano, akimbizwe hospitali. Tena wasaidizi wawe wawili, watu wanaojulikana, na mlango uwe wazi, kwa kuwa asiyeweza kusema hawezi kushtaki. Mwisho, saa mbili ziwe saa mbili kweli. Mama asikae huko aendako roho juu.

Sisi tulikwenda kumtaka radhi mama yule, naye akatusamehe. Sasa wanawake wanne wa mtaa wamegawana zamu, wawili wawili, kila Jumanne tangu adhuhuri hata alasiri. Jumanne ya kwanza tulidhani atakwenda sokoni au kwa jamaa zake. Hakwenda popote. Aliingia chumba cha pili, akalala, na hata adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha. Jumanne ya tatu alikwenda Malindi, akazuru kaburi la dada yake. Safari hiyo ilihitaji siku nzima, na wale wanawake waliitoa.

Ndugu zetu, waume kwa wake, kila mtaa una nyumba ya namna hii, na aghalabu mlango wake umefungwa kwa haya. Msingoje kuombwa. Pigeni hodi, mkaulize, "Mama, tukupokee siku gani?"

Wabillahi tawfiq.