Mhisani wa Kwanza Yuko Nyumbani: Shukrani za Mwanafunzi Aliyefadhiliwa (Sehemu ya Pili)

Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za mfadhili akisimamishwa kuzungumza siku ya kutoa zawadi shuleni, shukrani zake huwa na mpangilio uliozoeleka. Mungu hutangulia. Mfadhili hufuata, kwa jina na cheo. Kisha huja mwalimu mkuu na bodi ya shule, na mwishoni kabisa, wageni wakiwa wameanza kutazama saa, hutajwa wazazi kwa maneno mawili matatu. Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi ufadhili unavyoombwa, kuanzia fomu hadi barua ya chifu. Sehemu hii inahusu mpangilio huo wa shukrani, na hoja yake ni kwamba historia ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati inaupinga. Mtoto wa sehemu hizi alipofika shule, aliyetoa kwanza kwa kawaida alikuwa mtu wa nyumbani. Shule ya dini ikampokea. Mfadhili wa mbali akaja baadaye, akakuta kazi imekwisha kuanzwa.

Ushahidi mzuri zaidi ni maisha ya Wangari Maathai. Wengi humhusisha na Nyeri, alikozaliwa mwaka 1940, na husahau kwamba sehemu ya utoto wake ilikuwa karibu na Nakuru. Baba yake, Muta, alikuwa mfanyakazi katika shamba la mlowezi wa Kizungu, na mnamo 1943 familia ilimfuata huko. Shamba lilikuwa na mahindi, ngano na pareto. Shule haikuwapo. Mwaka 1947 mama yake alirudi naye Ihithe, kijijini kwao, ambako kaka zake walikuwa wakisoma, huku baba akibaki shambani kufanya kazi. Hata hapo haikuwa lazima msichana apelekwe shule. Kaka yake, Nderitu, ndiye aliyemuuliza mama kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama hakuona sababu ya kukataa, ingawa alimhitaji mtoto huyo wa kike kwa kazi za nyumbani, kuteka maji na kulima.

Hakuna mfadhili aliyekuwa na habari za msichana huyo wakati huo. Aliyegharamika ni mama, aliyejinyima msaidizi wa kazi, na baba aliyebaki Nakuru mbali na watoto wake.

Dini ikaingia hatua iliyofuata. Akiwa na umri wa miaka 11 Wangari alipelekwa bwenini St. Cecilia, katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari huko Nyeri, iliyoendeshwa na masista wa Consolata kutoka Italia. Miaka hiyo ilikuwa ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mama yake alihamishiwa katika kijiji cha dharura, na watoto wengi wa Kikuyu walipoteza masomo. Bweni la misheni lilimlinda. Lakini ulinzi huo uliishia langoni: katika likizo moja, akisafiri kwenda Nakuru kumwona baba yake, alikamatwa na kuzuiliwa kambini siku mbili. Mwaka 1956 alimaliza St. Cecilia akiwa wa kwanza darasani, akaenda Loreto Limuru kwa masista wa Ireland, akahitimu mwisho wa 1959.

Ndipo mfadhili mkubwa alipotokea. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wenzake wa Marekani walikuwa wameanza safari za kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni. Ndege ya kwanza mwaka 1959 ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na Septemba mwaka huo karibu vijana 300 wakaondoka, Wangari akiwa mmoja wao. Chuo kilichompokea, Mount St. Scholastica mjini Atchison, Kansas, kilikuwa cha masista wa Kibenedikto. Alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966, na ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Tuzo ya Nobel ya Amani ilifuata mwaka 2004.

Fedha za Kennedy zilikuwa muhimu sana, na hakuna haja ya kuzipunguzia sifa. Hata hivyo, zilimpata msichana ambaye mama, kaka na masista wa nchi mbili walikuwa wamembeba kwa zaidi ya miaka 10. Aliporudi Kenya mwaka 1966, jambo moja alilofanya mapema ni kukodi duka dogo Nairobi na kuwapa dada zake kazi humo. Shukrani yake ilianzia ilikopaswa kuanzia.

Kwa nini shule ya dini ilikuwa na nafasi kubwa hivyo? Jibu limo katika ardhi yenyewe. Eneo kubwa la Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha lilitwaliwa kuwa mashamba ya walowezi, na Waafrika waliishi humo kama maskwota: walipewa kipande cha kulima na ruhusa ya kufuga mifugo michache, wakalipia kwa kazi yao. Mlowezi hakulazimika kuwajengea watoto wao darasa, na watoto hao walihitajika shambani. Serikali ya kikoloni nayo iliwaachia wamisheni sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika. Mzazi aliyetaka mwanawe asome alitafuta misheni, au alishirikiana na wenzake kujenga shule ya kujitegemea, na shule nyingi za namna hiyo za Wakikuyu zilifungwa hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Ndiyo sababu katika familia nyingi za Bonde la Ufa kumbukumbu ya kusoma na kumbukumbu ya kubatizwa ni moja. Mmisheni alikuwa na lengo lake la kueneza dini, na hilo lisifichwe. Lakini kalamu aliyoileta ilibaki mikononi mwa watoto.

Kaskazini, katika milima ya Baringo, mtoto mmoja wa Sacho alipita njia inayofanana na hiyo. Daniel arap Moi alimpoteza baba yake akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake Tuitoek. Mwaka 1934 aliteuliwa pamoja na vijana wengine wachungaji wa mifugo kujiunga na shule ya Africa Inland Mission huko Kabartonjo. Familia iliyomtoa mchunga ng'ombe ilipoteza mikono ya kazi. Yule aliyebaki nyuma alichunga kwa niaba yake. Jina la Daniel alilipata kwenye ubatizo. Alisomea ualimu Tambach, akafundisha, kisha akaingia siasa.

Utawala wake wa miaka 24 akiwa rais wa Kenya umeandikiwa mengi, mazuri na machungu, na makala haya hayakusudii kuupima. Kuhusu shukrani kwa shule ya dini, hata hivyo, alichokiacha kinaonekana kwa macho katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldama Ravine. Mwaka 1979 ilianzishwa Moi High School Kabarak, na baadaye Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2002 na kupewa hati kamili mwaka 2008. Kinajitangaza wazi kuwa chuo cha Kikristo, kinachotoa elimu kwa mtazamo wa Biblia. Moi alizikwa huko Kabarak Februari 2020. Mchunga ng'ombe aliyepokelewa na misheni alikuwa amegeuka mpokeaji wa watoto wa wengine.

Upande wa Kanisa Katoliki, jina lisilosahaulika Nakuru ni la Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa jimbo hilo kuanzia 1971 hadi 1996. Mapigano ya kikabila yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipaza sauti kuwatetea waliofukuzwa mashambani mwao. Ni jambo linalowahusu sana wanafunzi waliofadhiliwa: mtoto aliyechomewa nyumba hahitaji karo tu, anahitaji kwanza mahali pa kulala na mtu mzima wa kumwamini.

Miaka ya karibuni mfano unaong'aa kuliko yote umetoka kijiji cha Pwani, Njoro. Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, na Machi 2019 alitangazwa Dubai kuwa mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake. Waandaaji wa tuzo walieleza kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mapato yake ya kila mwezi kuwasaidia maskini. Shule yenyewe ilikuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Wengi walitoka familia maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wengine walitembea kilomita saba katika barabara zisizopitika mvua ikinyesha.

Matokeo yalikuja polepole, kisha kwa kasi. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea vyuoni. Mwaka 2018 walikuwa 26. Wasichana wa Keriko walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafuzu kushiriki mashindano ya kimataifa ya sayansi huko Arizona. Katika eneo lililoumizwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Tabichi alianzisha pia chama cha amani kilichowakutanisha wanafunzi wa makabila saba ya shule hiyo.

Bruda Tabichi anavuruga ile picha ya mfadhili kuwa mgeni mwenye hundi kubwa na kamera. Mfadhili anaweza kuwa mtu anayesahihisha daftari lako, anayekula chakula kama chako, aliyeweka nadhiri ya ufukara na kuitimiza kwenye mshahara wake. Naye alilelewa nyumbani kwa mwalimu: baba yake alifundisha, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 11.

Wapo pia wafadhili wa mbali wanaostahili kila neno la shukrani. Hilde Back alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko Sweden. Alizaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi, na wazazi wake waliangamia katika kambi za Wanazi. Alimlipia karo mvulana wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, bila kumfahamu. Mvulana huyo, Chris Mburu, alifika Harvard na kuwa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto maskini na kuupa jina la Hilde Back.

Leo gharama zinajulikana. Kwa miaka kadhaa mwongozo wa serikali uliweka karo ya shule ya kitaifa ya bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, ilhali mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ulipangwa kuwa shilingi 22,244. Basari ya eneobunge mara nyingi hulipa sehemu tu ya karo. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation, umekwenda mbali zaidi: karo, sare, vitabu, nauli na pesa za matumizi, pamoja na ushauri. Wanaochagua wanafunzi huwa ni kamati za mashinani zenye viongozi wa dini na maofisa wa elimu, na nyumba za waombaji hutembelewa.

Hata ufadhili kamili haulipii kila kitu. Haumlipi mdogo aliyebaki Elburgon akichimba viazi ili dada asome. Haumlipi nyanya aliyekuwa akimtegemea mjukuu kukamua ng'ombe Rongai. Mama wa Naivasha anayefunga maua hadi usiku msimu wa Valentino hukatwa mshahara akienda mkutano wa wazazi. Gharama hizi hazina risiti, na kwa kuwa hazina risiti hazitajwi katika hotuba.

Kuna jambo jingine la kuumiza. Baadhi ya wafadhili na shule humtaka mtoto alipe shukrani kwa aibu yake: apigwe picha mbele ya nyumba ya matope, asimulie ulevi wa baba yake hadharani, na picha zisambazwe. Hilo ni kosa, na sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwanafunzi anaweza kumshukuru mfadhili kwa alama zake, kwa hadithi ya kitabu alichosoma, kwa mradi wa sayansi, bila kuianika familia yake.

Barua ya shukrani ibaki, kwa sababu mfadhili ana haki ya kujua fedha zake zimefanya nini. Ombi kwa wakuu wa shule za Nakuru, za dini na za serikali, ni kuongeza barua ya pili. Jioni ambayo mwanafunzi anamwandikia mfadhili, apewe karatasi nyingine aandike nyumbani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, amtaje kwa jina aliyechukua zamu yake ya kuteka maji na kuchunga. Na siku ya zawadi, mzazi aketi mstari wa mbele pamoja na mgeni wa heshima. Haya hayahitaji bajeti, na yanaweza kuanza muhula ujao.

Wiki ijayo, sehemu ya tatu itaeleza jinsi zaka na wakfu vinavyoweza kuwasomesha watoto wa Kiislamu.