Land Rover Kuukuu Yakataliwa kwa Moshi

Jirani yangu hapa Mchombe, mzee mmoja mkulima wa mpunga, anayo Land Rover ya petroli ya ile Series III, iliyokuwa ikitengenezwa toka mwaka 1971 hata 1985. Hubeba magunia, hubeba majeneza, na usiku mama akishikwa na uchungu, watu humbishia hodi mzee huyo ili apelekwe hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Basi siku ile aliporudi kwenye ukaguzi bila stika, habari ilienea kijijini kabla hajashuka garini.

Breki zilikuwa nzima, taa zinawaka, tairi nzuri. Lakini mkaguzi alipoamuru mafuta yakanyagwe, bomba lilitoa moshi mweusi kama wa tanuri la matofali.

Jioni akanijia. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kimya kwanza.

“Karani, wananiambia ninunue injini mpya. Niuze mpunga wote?”

“Baba, moshi ule ulikuwa wa rangi gani?”

“Mweusi. Moshi una rangi gani nyingine?”

Kumbe hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mimi si fundi. Mengi nimejifunza kwa taabu za pikipiki yangu, ambayo nayo ina kabureta. Lakini moshi husema. Ukiwa wa buluu, injini inachoma oili: ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo ukirekebisha kabureta mwaka mzima hufanyi kitu. Mweupe wa asubuhi ni mvuke tu, hupotea injini ikipata moto. Usipopotea, na maji ya rejeta yakapungua, itazame gasketi. Mweusi ni petroli iliyozidi, na hiyo aghalabu huponywa pasipo kuuza mpunga.

Petroli kilo moja yahitaji hewa karibu kilo 14.7 ili iungue sawasawa. Magari ya siku hizi yana kompyuta ya kupima. Kabureta haina akili hiyo, ina vitundu tu na skrubu. Hewa ikipungua, petroli haiungui yote. Hutoka masizi, na pamoja nayo ile sumu isiyo na rangi wala harufu, ndugu yake ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo mtu asiwashe motokaa bandani milango imefungwa, hata kama moshi hauonekani.

Mkaguzi wetu alitazama kwa macho. Mahali pengine hutia mashine ndani ya bomba. Uingereza, kwa motokaa ya petroli iliyoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986, sumu hiyo isizidi 4.5 kwa mia ya moshi. Kwa zilizofuata mpaka Julai 1992, isizidi 3.5. Hata huko, basi, gari la zamani haliambiwi liwe jipya. Laambiwa liwe zima.

Wapo waliomshauri mzee ampe mkaguzi chai. Chai hiyo ingetoka mfukoni na moshi ungebaki.

Asubuhi tulianza na chujio la hewa. Katika Land Rover hizi ni chombo chenye bakuli la oili chini, na vumbi hunaswa humo. Nani kwetu hulikumbuka? Kwa vumbi la njia zetu za mashambani wakati wa kiangazi, oili ilikuwa imegeuka tope zito kama ugali wa jana. Injini ilikuwa ikivuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Tukaosha kwa mafuta ya taa, mbali na moto, tukatia oili mpya mpaka kwenye alama, wala si zaidi, maana ikizidi hufyonzwa na injini na kuleta moshi mwingine.

Moshi ukapungua nusu. Tukatazama choki: waya umekwama, kile kibati hakifunguki chote. Mzee alikiri kuwa alikuwa akiivuta kila asubuhi ya masika, “na kuirudisha, nikikumbuka.”

Hapo tukamwita fundi, kwa kuwa petroli ilikuwa bado inachuruzika. Akafungua kabureta, akatoa floti ya shaba, akaitikisa sikioni. Ndani maji-maji! Floti iliyotoboka huzama, haizuii petroli, nayo hufurika. Akatia nyingine. Asithubutu mtu kuichomelea floti yenye petroli ndani.

Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi. Zikasafishwa na nafasi zake kupimwa. Oili ya injini ilinuka petroli, ikabadilishwa, maana oili ya namna hiyo hutoa mvuke unaoharibu kipimo. Mwisho kabisa, injini ikiwa moto, fundi akagusa skrubu ya mchanganyiko: aliizungusha polepole mpaka mngurumo ukawa laini, kisha akaifunga kidogo hadi ukaanza kushuka, akaacha hapo. Angalieni, zipo kabureta ambazo skrubu hiyo hupitisha hewa, si petroli, na hizo huenda kinyume. Wengi huanza na skrubu hii chujio likiwa limeziba, ndipo hupotea kabisa.

Mzee alirudi ukaguzini. Nilimsihi asiizime injini foleni ikiwa fupi, maana injini baridi hutoa moshi mbaya zaidi. Akapewa stika.

Sasa akienda Ifakara hurudi na petroli iliyokuwa ikimwishia njiani. Alfajiri akiwasha bado unatoka moshi wa buluu kidogo, kisha unakoma. Fundi asema ni sili za valvu. Mzee asema zitangoja mavuno.