Sura ya 6: Wajukuu wa Shetani na Kadi ya Chanjo

Mkazi wa wilaya ya Rubavu, Rwanda, hahitaji kuelezwa Abuzukuru ba Shitani ni nani. Ni jina la makundi ya vijana wanaotuhumiwa kupora simu na pochi mjini Gisenyi giza likiingia, na maana yake ni wajukuu wa Shetani. Kama walijipa wenyewe au walipachikwa, kwangu ni mamoja. Kinachonikera ni kwamba jina limegeuka kuwa maelezo. Uliza kwa nini kijana wa Mbugangari ameiba, utasimuliwa ukoo wake: bibi alikuwa mchawi, mama alilaaniwa akiwa mjamzito, pepo lilimwingia alipovuka kwenda Goma, Kongo. Nimeyasikia haya kutoka kwa watu waliosoma, wenye kompyuta mezani.

Shetani hana wajukuu Rubavu. Rubavu ina mpaka. Simama kwenye kivuko cha Petite Barrière saa moja asubuhi uone: wanawake na beseni za nyanya kichwani, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopakiwa hadi mwenye baiskeli haonekani, na kati yao vitoto vyembamba visivyotazamwa na mtu. Bei ya kitu kilekile inabadilika ukitembea hatua mia mbili, na mtoto anapita pale ambapo mtu mzima atapekuliwa. Abacoracora, wale wa magendo, walilielewa hili zamani. Leo mtoto anabebeshwa vitenge au maziwa ya unga, kesho bangi. Hakuna pepo katika biashara hiyo, kuna hesabu. Upande wa Goma, ambako mtoto kusingiziwa uchawi na kufukuzwa nyumbani ni jambo linalojulikana mno, sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009 ya kumlinda mtoto imefanya shutuma hiyo yenyewe kuwa kosa la jinai. Anayesema mtoto ni mchawi ndiye anayefungwa.

Nilipanga sura hii ifuate njia ya mtoto mwenyewe: kituo cha RIB, idara ya upelelezi, kisha mwendesha mashtaka, mahakama, na mwisho gereza la Nyagatare. Nitajaribu. Lakini kwanza nimalizane na dhana ya pili, iliyoenea kuliko ya shetani, kwamba aliye chini ya miaka 18 hafungwi.

Anafungwa. Sheria ya Rwanda ya 2018 kuhusu makosa na adhabu imeweka mlango wa kuingilia kwenye miaka 14. Chini ya hapo hakuna mashtaka ya jinai, hata liwe kosa gani. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18, kijana anashtakiwa, ila mbele ya chemba maalumu ya watoto katika mahakama ya ngazi ya kati (Intermediate Court), na lazima awe na wakili. Asiye na uwezo hutafutiwa, na kila wilaya ina ofisi ya MAJ ya msaada wa kisheria. Adhabu haizidi nusu ya ile ya mtu mzima. Pale mtu mzima angepewa maisha, kijana hupewa kati ya miaka 10 na 15. Gereza lake ni la watoto peke yao, Nyagatare, kaskazini-mashariki mwa nchi. Mzazi wa Gisenyi anayekwenda kumwona mwanawe anaivuka Rwanda nzima. Huko watoto husoma na kufanya mitihani ya taifa, na waliofaulu wamewahi kupewa msamaha wa Rais.

Sasa rudi kwenye bangi. Tangu 2019 imeorodheshwa miongoni mwa dawa za kulevya kali kupindukia, na kusafirisha au kuuza dawa za daraja hilo kumewekewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mvulana wa miaka 14 aliyepewa faranga chache apitishe furushi anaweza kusimama mbele ya jaji kwa shtaka ambalo, hata likishapunguzwa kwa ajili ya utoto wake, sheria inalihesabia si chini ya miaka 10. Juzi yake, akiwa na miaka 13, furushi lilelile lingemrudisha nyumbani.

Na hapa ndipo mpango wangu unapovunjika, kwa sababu kila kitu nilichoandika hapo juu kinaning'inia kwenye tarehe moja.

Swali la mahakama si kwamba ana umri gani leo. Ni kwamba alikuwa na umri gani siku ya tendo. Watu wanachanganya mambo haya mchana kweupe, mawakili wakiwemo. Aliyetenda akiwa na miaka 17 na kuhukumiwa akiwa na 19 ni mtoto kwa kosa hilo, hata kama ameshaota ndevu. Lakini anathibitishaje? Kitambulisho cha Rwanda hutolewa mtu akifika miaka 16, kwa hiyo wale hasa wanaosimama mlangoni, wa miaka 13, 14 na 15, hawana. Aliyezaliwa Goma huenda hakuandikishwa kokote ila kanisani.

Halafu kuna Januari 1. Wangapi kati yetu wamezaliwa Januari 1! Mama anakumbuka mwaka tu, karani anajaza siku ya kwanza ya mwaka, na maisha yanaendelea. Tazama inavyofanya kazi, maana ni jambo dogo lenye meno. Mtoto aliyezaliwa Oktoba 2009 na kuandikwa Januari 1, 2009 ameongezewa miezi tisa. Ikiwa mwaka ni sahihi, kosa hili humzeesha mtoto tu, halimpunguzii umri kamwe. Miezi tisa hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kwenda nyumbani na kwenda Nyagatare. Vijana wengine hujizeesha wenyewe ili wapate kibarua, kisha wakikamatwa hawaaminiki.

Pasipo na hati, watu hukimbilia picha ya mifupa ya kiganja, kana kwamba mfupa una kalenda. Jedwali linalotumika sana duniani ni la Greulich na Pyle, lililotokana na watoto Wazungu wa familia zenye nafasi, wa mji wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Mfupa wa mtoto aliyekula vibaya haufuati ratiba ya Cleveland, na hata huko kwenyewe makisio hupishana kwa mwaka na zaidi. Anayetamka mahakamani kwamba picha imeonyesha miaka 14 na miezi miwili anapiga ramli kwa mashine.

Nchi hii ililipa gharama ya swali hili. Baada ya 1994 maelfu ya watoto walikuwa magerezani wakituhumiwa kushiriki mauaji ya kimbari. Waliotambuliwa kuwa hawakufika miaka 14 wakati wa matendo hayo walipelekwa kituo cha Gitagata, Bugesera, badala ya mahakamani. Wapo waliobaki gerezani miaka kadhaa kwa kuwa umri wao haukuwa umethibitishwa.

Kwa hiyo mama akija kwangu analia, simwulizi mwanawe kaiba nini. Namwuliza kadi ya chanjo iko wapi. Mara nyingi ipo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, pembe zimeliwa na panya, na tarehe ya BCG, chanjo ya mtoto mchanga, bado inasomeka. Kadi hiyo inashinda eksirei.

Limebaki neno la Iwawa, ambalo wazazi wa Gisenyi hulitumia kama zimwi: "Utapelekwa kisiwani!" Iwawa, katika Ziwa Kivu upande wa Rutsiro, kilifunguliwa 2010 kama kituo cha urekebishaji cha wanaume watu wazima. Si gereza la watoto, na hakuna jaji anayemhukumu mtu kwenda huko. Wanaopelekwa hutokea vituo vya muda, ambako huokotwa wazururaji, ombaomba na machinga, na watoto wa mitaani, maibobo, wamejikuta humo pia. Rubavu kilikuwepo cha Mudende. Shirika la Human Rights Watch liliandika kukihusu mwaka 2016. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa iliitaka Rwanda iache kuwashikilia watoto katika vituo hivi.

Linganisha basi. Mtoto aliyeiba simu sokoni ana wakili, ana jaji, ana nusu adhabu, na tarehe yake ya kuzaliwa itajadiliwa. Mtoto aliyelala barazani mwa duka hajashtakiwa kosa lolote. Mama yake akifika kituo cha muda na kadi ya chanjo ndani ya nailoni, hakuna meza ya kuiwekea.