Utajifungulia Wapi, Mama?

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akitarajia mtoto wake wa tano. Sisi akina mama wenzake tulimtembelea, tukampelekea khanga, sabuni na unga wa uji. Tuliimba, tukaomba, tukarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza atajifungulia wapi, ingawa tulijua kwamba katika uzazi wa nne alitokwa na damu nyingi.

Uchungu ulipoanza alikwenda zahanati ya jirani, kwa kuwa ndiko alikozoea. Mtoto alizaliwa salama, lakini kondo la nyuma halikutoka. Muuguzi wa zamu alijitahidi, damu haikukoma, na gari la kumpeleka hospitali lilipatikana baada ya saa tatu. Mama huyo yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini kizazi chake kiliondolewa. Tangu hapo hatumtembelei mjamzito bila kumwuliza swali hilo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania vizazi 81 kati ya 100 vilitokea katika vituo vya huduma za afya, kutoka 63 katika utafiti wa mwaka 2015–16. Kwa akina mama wengi, basi, swali si "nyumbani au hospitali?" bali ni "kituo gani?"

Ni nani aende hospitali?

Zahanati yenye mkunga aliyesomea kazi yake yaweza kumhudumia vizuri mama asiye na tatizo. Lakini ukiwa na mimba ya kwanza, umekwisha kuzaa mara nne au zaidi, uliwahi kupasuliwa au kutokwa na damu nyingi, una mapacha, presha imepanda, au mtoto amekaa vibaya, panga kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa. Baadhi ya vituo vya afya vina huduma hizo, vingine havina. Soma kadi yako ya kliniki pamoja na muuguzi, usiiweke tu kabatini.

Uliza mapema

Usione haya kuuliza. Je, mkunga yupo usiku na Jumapili? Sindano ya oksitosini, ambayo mama huchomwa mara tu baada ya mtoto kuzaliwa ili kuzuia damu, ipo na inatunzwa kwenye friji? Dawa ya kifafa cha mimba ipo? Kipo kifaa cha kumsaidia mtoto asiyepumua? Ikitokea rufaa, gari linatoka wapi? Kwa dharura ya mama au mtoto mchanga, namba 115 ya M-mama hupigwa bila malipo. Iandike ukutani.

Uliza pia utakaa muda gani baada ya kujifungua. Damu nyingi hutoka hasa katika saa za mwanzo, kwa hiyo usikubali kuharakishwa nyumbani kabla ya saa 24 kwisha.

Baba na mama mkwe

Mara nyingi anayeamua si mjamzito mwenyewe. Baba, weka akiba ya nauli tangu miezi ya mwanzo, na umtafute mwenye gari au pikipiki kabla ya usiku wa uchungu. Mama mkwe, ulizaa salama nyumbani, tunafurahi nawe, lakini mkwe wako ana mwili wake na historia yake. Kama hospitali iko mbali, mpelekeni kwa ndugu aliye karibu nayo, au katika nyumba ya kusubiria, wiki chache kabla ya siku zake.

Raheli alishikwa na uchungu safarini, akafa akimzaa Benyamini. Yeye hakuwa na hospitali ya kuchagua. Wewe unayo. Jumapili hii, mwenzako mjamzito akikusalimu, mwulize: "Utajifungulia wapi, mama?" Kisha umsikilize hadi mwisho.