Mchumia Juani Hulia Kivulini: Likizo ya Mwendesha Baiskeli



Mvua za masika zikianza huku kwetu Magharibi, njia za udongo hugeuka matope. Tope hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Abiria nao hupungua, kwa maana watu wako shambani wakipanda, na mwezi wa Aprili shule hufungwa. Hata hivyo, ukipita stejini alfajiri utawakuta vijana wetu wamejipanga chini ya mti, wamejifunika karatasi za nailoni, wakimngoja abiria asiyekuja. Ukiwauliza mbona hawapumziki, jibu ni moja tu: "Nikipumzika, watoto watakula nini?"

Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kulijibu kwa maneno matupu. Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini mwendesha baiskeli anahitaji likizo kila mwaka, na jinsi kikundi kinavyoweza kumsaidia kuipata.

KOSA LETU WENYEWE

Kwanza tukiri. Miaka michache iliyopita tulikisaidia kikundi kimoja kununua baiskeli kwa mkopo. Kila mwanachama alilipa kila siku, siku saba za wiki, na aliyekosa alitozwa faini. Tulifurahi kwa sababu daftari lilikuwa safi. Mwanachama mmoja akaanza kuumwa na goti. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akaendelea kubeba watu na magunia kwa kuogopa faini. Mwishowe goti likavimba hata kutoka kitandani ikawa shida. Alikaa nyumbani karibu miezi mitatu, na baiskeli ikauzwa ili deni lilipwe.

Katika bajeti ya kikundi tuliandika pesa za tairi, tyubu, cheni na breki. Siku za kumpumzisha mtu hatukuziandika. Hapo ndipo tulipokosea.

KAZI HII NI NZITO

Baiskeli ya chuma, ile tunayoiita Black Mamba, ina uzito wa karibu kilo 20. Ongeza abiria wa kilo 70. Hizo ni kilo 90 mbali na mwili wa mwendeshaji mwenyewe, na mlimani mzigo wote uko juu ya magoti mawili.

Kazi yenyewe ilianzia mpakani Busia, kuvusha watu kati ya Kenya na Uganda, na ndiko lilikotoka jina la boda boda. Baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki ziliongezeka sana. Mtu wa baiskeli akabaki na safari fupi na bei ndogo, au na mizigo: maji, mkaa, maziwa, mikate. Ili apate kile alichokuwa akipata zamani, inambidi azunguke zaidi.

Sasa, mwili hufanyaje? Tunapokanyaga pedali, misuli huchoka na kuumia kidogo kidogo kwa ndani. Inajengeka upya tunapolala, tunapokula na tunapopumzika. Asiyepumzika anabomoa kila siku bila kujenga.

Hata mabingwa wanalijua jambo hili. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mashindano hayo ni ya wiki tatu, na ndani yake kuna siku za kupumzika. Tena, msimu wa mashindano ukiisha, waendeshaji wengi huiweka baiskeli kando kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza mazoezi ya mwaka mpya. Wao hubeba miili yao tu. Je, sisi tunaobeba mama na gunia lake la mahindi?

DALILI ZA KUCHOKA KUPITA KIASI

1. Unaamka umechoka kama vile hukulala, na hali hiyo inaendelea siku nyingi.
2. Usingizi unakatika, chakula hakina ladha, hasira zimekuwa karibu.
3. Mafua hayakuachi.
4. Magoti au kiuno kinauma hata siku usiyoendesha.
5. Vidole vya mikono, au sehemu zinazokalia kiti, vinakufa ganzi.
6. Mapigo ya moyo yamepanda. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, shika kifundo cha mkono uhesabu mapigo kwa dakika moja. Fanya hivyo siku kadhaa ukiwa mzima ili ujue kiwango chako. Yakipanda kwa asubuhi kadhaa mfululizo, mwili unalalamika.

Lakini tahadhari: uchovu wenye homa unaweza kuwa malaria. Nenda dispensari upimwe damu. Na ukipata maumivu ya kifua au ukikosa pumzi, usingoje likizo wala kesho. Nenda hospitali mara moja.

JINSI YA KUPUMZIKA

Wiki mbili zinatosha kuanzia. Wengine wanaogopa ati nguvu zote zitapotea. Sivyo. Utapungua kidogo, nazo zitarudi ukianza pole pole.

Kupumzika si kulala kutwa. Tembea kwa miguu, fanya kazi ndogo za nyumbani, kaa na watoto. Lala usiku wa saa saba au zaidi. Usipunguze maharagwe, omena na mboga, maana ndivyo vinavyojenga misuli. Na tuseme wazi: masika ni wakati wa shamba. Saidia asubuhi kidogo, lakini likizo ya kushika jembe kuanzia jua linapochomoza mpaka linapotua si likizo. Mzee na mama wa nyumba waelezwe mapema, wasije wakadhani kijana amekuwa mvivu.

Baiskeli nayo ipumzike. Ioshe, ikauke, halafu muone fundi pamoja nayo. Atie grisi, akaze spoki, aangalie cheni na breki, achunguze kama uma wa mbele au keria ina ufa. Urekebishe pia urefu wa kiti. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukikunjika sana, kiti kiko chini mno, na hicho ni chanzo kimoja cha maumivu ya mbele ya goti.

Ukirudi kazini, wiki ya kwanza fanya nusu ya safari zako, na milima mikali uiache.

PESA ZITATOKA WAPI?

Hapa ndipo kikundi kina kazi. Tuchukue mfano. Mwanachama akiweka shilingi 20 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, atakuwa na shilingi 120. Kwa wiki 46 ni shilingi 5,520. (Wiki sita zilizobaki tumezitoa kwa likizo yenyewe, ugonjwa na matanga.) Likizo ya wiki mbili ina siku 12 za kazi, kwa hiyo atapata shilingi 460 kila siku akiwa nyumbani. Kila kikundi kipige hesabu yake kulingana na mapato.

Mambo matatu tunayashauri. Pesa hizi ziwe na daftari lake, zisichanganywe na za mzunguko. Watu wapumzike kwa zamu, wawili au watatu kwa wakati mmoja, na wenzao wawahudumie wateja wao kisha wawarudishe. Na mkopo wa mwaka mmoja ugawanywe kwa wiki 50, si 52, pasiwe na faini kwa aliye likizoni.

IMANI YETU INASEMAJE?

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu anataka siku ya saba hata ng'ombe na punda wapumzike. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliyataja mapumziko kuwa haki ya mfanyakazi: ya kila wiki, na marefu zaidi mara moja kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inampa mwajiriwa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa malipo. Mwendesha baiskeli hana mwajiri wa kumpa siku hizo. Ana kikundi chake.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Basi tumwachie mwenzetu nafasi ya kufika kivulini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani hajapumzika mwaka huu? Ni nini kinachomzuia?
2. Je, masharti ya mikopo yetu yanamsukuma mtu kufanya kazi akiwa mgonjwa?
3. Ni wiki zipi ambazo kazi hupungua sana hapa kwetu?
4. Nani atakuwa wa kwanza kwenda likizo, na nani atawashika wateja wake?