Kambi Zilizobaki Bila Mwenyewe

Nyumba za kambi za Shituru na Panda, mjini Likasi, Katanga, nchini Kongo, hazikujengwa ili watu wapate pa kulala tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière iliona ni nafuu kumweka mfanyakazi na familia yake karibu na kiwanda kuliko kutafuta mwingine kila mara. Basi kambi ikaja na posho, hospitali, shule za wamisionari, viwanja vya mpira, na mafunzo ya kumwandaa mtoto kushika kazi ya baba yake. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi yote baada ya utaifishaji wa 1967, ilifuata njia ileile. Wengi wanaosifu utulivu wa siku hizo humsifu polisi wa kambi, yule aliyemhoji kila mgeni. Nadhani sifa hizo zimekosea mlango. Kijana alitulia kwa sababu siku yake ilikuwa na shughuli na kesho yake ilijulikana. Kweli, bwana wa yote alikuwa kampuni, na mkazi hakuulizwa neno. Ndiyo maana kampuni ilipoanguka hapakuwa na mtu aliyezoea kushika usukani.

Nayo ilianguka vibaya. Mgodi wake wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990. Uzalishaji wake wa shaba, uliozidi tani 470,000 mwaka 1986, haukufika 40,000 mwaka 1994. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watoto wao wengi wakaingia mashimoni kuchimba kwa mikono, na wengine wakabaki barabarani.

Kwa vijana hao wa barabarani, jibu la haraka huwa ni nguvu. Kinshasa ililijaribu kwa Operesheni Likofi, Novemba 2013, dhidi ya kuluna, yaani magenge ya vijana wa mitaani: Human Rights Watch iliandika kwamba polisi waliua wanaume na vijana wasiopungua 51. Tangu 2020 vijana wengine wamepelekwa katika kambi ya Kaniama-Kasese kulima na kufunzwa ufundi. Hilo ni afadhali, lakini mtaa alikotoka kijana unabaki vilevile, na mdogo wake bado yupo pale.

Ndiyo maana naona kazi ya kumzuia kijana asipotee inapaswa kufanyika katika kartie, yaani mtaa wenyewe, wakazi, polisi, shule na parokia wakikaa pamoja. Atakayepinga ana hoja nzito, na Likasi inaijua kuliko miji mingi. Mwaka 1992 vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, waliwafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, majumbani mwao hapahapa, na maelfu wakalala stesheni wakingoja treni. Je, hao nao hawakuwa vijana wa mtaa waliopewa jukumu? Walikuwa, ila jukumu lilitoka kwa wanasiasa, na hawakuwajibika kwa jirani yeyote. Kamati ya kartie isipewe fimbo wala doria. Katika majaribio ya polisi jirani huko Bukavu, Kananga na Matadi, wakazi walikaa na polisi kutaja kero zao, na kukamata kukabaki kazi ya polisi. Kumrudisha mtoto kwa ndugu na shuleni ni kazi nyingine kabisa. Wasalesiani wa Lubumbashi wameifanya kwa miaka mingi katika vituo vya Bakanja.

Linabaki swali la fedha. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali ya mtaa 15% ya mrabaha, na kuidai kampuni 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Watu husema fedha hizo zitaliwa, na hawasemi bure. Lakini hulika kwa urahisi zaidi pale ambapo mkazi hajui kilichoingia. Hesabu ya fedha hizo ibandikwe kwa Kiswahili mlangoni mwa ofisi ya komini, kila robo mwaka, na sehemu ya fedha itengwe mapema kwa karakana na viwanja, kabla ya kununuliwa gari la mtu yeyote.