Koti la Kuazima: Vazi la Kisomi katika Filamu na Maana Yake Dodoma

Katika filamu ya The Talented Mr. Ripley (1999), iliyoongozwa na Anthony Minghella, mhusika mkuu ni kijana fukara anayepiga piano katika hafla ya matajiri jijini New York. Koti alilovaa ni la kuazima, nalo lina nembo ya Chuo Kikuu cha Princeton. Tajiri mmoja analiona na papo hapo anadhani kuwa kijana huyo alisoma pamoja na mwanawe. Ripley haanzi yeye kusema uongo. Koti ndilo linaloanza.

Mtindo wa koti hilo huitwa Ivy, jina la umoja wa michezo wa vyuo vikuu 8 vya kaskazini-mashariki mwa Marekani uliorasimishwa mwaka 1954. Alama zake ni shati la pamba lenye vifungo kwenye ncha za ukosi, koti lisilojazwa mabegani, sweta, suruali ya kaki na viatu visivyo na kamba. Filamu ya Dead Poets Society (1989) na ya The Holdovers (2023), zote za shule za bweni za wavulana, hutumia sare na makoti ya aina hiyo kudokeza tabaka la mhusika kabla hajafumbua kinywa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mfumo huu wa ishara uchakavu ni heshima. Ukosi uliochanika kidogo huashiria mali ya kurithi, ilhali nguo mpya mno humfichua mgeni.

Nguo hizohizo hufika Dodoma. Zamani ziliitwa kafa Ulaya, jina lililomfikiria mwenye nguo kuwa marehemu. Siku hizi ni mitumba, jina linalotokana na robota lenyewe. Istilahi ya pili imemfuta kabisa mvaaji wa kwanza. Mnunuzi anayeinua koti lenye nembo ya shule ya ng'ambo hukagua mshono na bitana, na hupima kama litafaa kwa upepo wa baridi wa Juni na Julai katika nyanda za kati. Nembo ni bubu. Uchakavu nao haurithishi heshima yoyote: shati hufuliwa, hutiwa wanga na kupigwa pasi hadi mstari wa mkono usimame, kwani ukosi uliolegea ni dalili ya uzembe. Kwa hiyo koti lililomdanganya tajiri wa New York lisingemdanganya mtu yeyote hapa, wala lisingemfaidia Ripley kitu.

Hata hivyo, Dodoma haikosi vazi la kisomi. Shule ya Alliance, iliyoitwa baadaye Mazengo, na ambayo majengo yake yamekuwa ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana tangu mwaka 2007, ilikuwa ya mkondo uleule wa shule za bweni za Kiingereza uliozizaa zile za Marekani. Bungeni, Kanuni za Kudumu hutaja mavazi yanayokubalika, suti ya safari ikiwamo. Juni 2021 mbunge mmoja mwanamke alitolewa ukumbini kwa ajili ya suruali yake. Ni nadra ishara ya vazi kuwa na nguvu kiasi hicho hata katika filamu.

Filamu za Kitanzania, kwa upande wake, huelekea kumvika tajiri na msomi suti ileile inayong'aa, jambo linalowapunja wasomi wa kubuni na wa kweli pia.

Tatizo ni kubwa zaidi katika tafsiri. Mtazamaji wa Ripley hulisikia jina la Princeton, lakini halimpi uzito wowote, na bila uzito huo mauaji yanayofuata huonekana kuwa ukatili mtupu wa mtu mwovu, si hofu ya fukara aliyeonjeshwa daraja lisilo lake. Maandishi ya chini ya skrini hayana nafasi ya kueleza koti. Msimulizi wa vibanda vya video, ambaye wataalamu wengi wa tafsiri humbeza, anayo: huweza kutia sentensi moja tu, kwamba koti hili ni la watoto wa wakubwa, na huyu amelivaa kwa siku moja.